Asilimia 12 Mbili Zisizolingana

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata na nimeisoma pamoja na mamako. Umeuliza inakuwaje sacco ya kazini kwako na ile kampuni ya mikopo zote ziseme riba ni asilimia 12 kwa mwaka, kwa mkopo ule ule wa shilingi 120,000 wa kununulia friza ya biashara yenu ya Kongowea, na malipo ya mwezi wa kwanza yawe 11,200 kwa kila upande, ilhali mwisho wa mwaka kampuni itakuwa imekutoza shilingi 6,600 zaidi. Hesabu zote mbili ni sahihi; kinachotofautiana ni kiasi ambacho riba inapigiwa.

Kampuni hupiga riba mara moja tu, juu ya mkopo wote: asilimia 12 ya 120,000 ni 14,400, na jumla ya 134,400 hugawanywa kwa miezi 12. Maana yake ni kwamba mwezi wa mwisho, deni likiwa limebaki 10,000, bado unalipa riba ya 1,200 kana kwamba fedha zote ungali nazo. Sacco hutoza asilimia 1 kila mwezi juu ya salio la deni, kwa hiyo mwezi wa kwanza utalipa 10,000 za kupunguza deni na 1,200 za riba, mwezi wa pili riba itakuwa 1,100 kwa kuwa deni limeshuka hadi 110,000, na utaendelea hivyo hadi mwezi wa 12, ambapo riba ni shilingi 100 tu. Jumla ya riba hiyo ni 7,800. Ukiipima riba ya kampuni kwa kipimo hicho cha sacco, utaikuta inakaribia asilimia 21 na nusu kwa mwaka, na laiti ningekuwa na amri, hiyo ndiyo namba ambayo ningewalazimisha waiandike kwenye mabango yao.

Jambo la pili ni kulipa mapema. Mkiuza juisi vizuri mwezi wa Ramadhani na ukataka kumaliza deni, kwa sacco riba ya miezi iliyobaki haitozwi, lakini kwa kampuni uliza kwanza, kwa sababu huenda wakaidai yote. Uliza pia kuhusu ada ya kushughulikia mkopo na bima: wakikata 3,600 mwanzoni, unapokea 116,400 lakini riba unalipia 120,000.

Mkopo wa simu usiufikirie kwa friza. M-Shwari, kwa mfano, hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ambayo kwa dharura ya wiki mbili inavumilika, lakini anayeukopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa asilimia 90.

Mkeo, ulivyoandika, hataki riba hata senti moja, na hilo ni neno la kuheshimiwa. Benki za Kiislamu zimekuwapo hapa Kenya tangu mwaka 2008, nazo zina murabaha: benki hununua friza yenyewe, kisha hukuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu siku ya kwanza, nawe hulipa kidogo kidogo. Bei hiyo ilinganishe na jumla ya sacco, yaani 127,800, wala usiilinganishe na asilimia yoyote. Ikiwa imezidi kidogo tu, mimi ningechukua murabaha kwa ajili ya amani ya nyumba. Ukiamua kwenda sacco, wakumbuke wadhamini wako, maana usipolipa, akiba zao ndizo zitakazokatwa.

Kabla ya kutia sahihi popote, omba jedwali la marejesho la kila mwezi, unitumie picha yake kwa simu nilipitie.

Babako