Mgonjwa wa kiharusi mezani: shika presha kwanza, usingizi uchague baadaye

Mgonjwa wa kwanza wa kiharusi niliyempa nusukaputi kwa mkono wangu, ili atolewe damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo, alikuwa mzee wa miaka 71. Nilikuwa masomoni, mbali na hapa Mombasa. Alipoingia presha yake ya juu, yaani ile namba ya kwanza kwenye kipimo, ilikuwa 178. Nikampa propofoli, dawa ya usingizi, kama ninavyompa mtu wa henia, nikageuka kuchukua laringoskopu, kifaa cha kuangalia koo, na nilipoinua macho skrini inasoma 84. Kuirudisha kulichukua dakika nne, kwa sababu dawa ya kupandisha presha ilikuwa bado kwenye kichupa chake, haijavutwa. Mshipa ulifunguliwa vizuri na picha ya mwisho ilikuwa safi, lakini mkono wake wa kulia haukurudi. Siwezi kusema ni zile dakika nne. Siwezi pia kusema si zenyewe.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza idara ya usingizi kwa sababu swali mnalokuja nalo kila mwaka ni lile lile: huyu tumpe nusukaputi au tumtulize tu, achomwe ganzi kwenye kinena, pale waya wa kufungua mshipa unapoingilia? Ni swali zuri, ila lina lingine lililotangulia: presha yake tutaishikaje?

Mshipa mkubwa ukiziba, kiini cha sehemu ile hufa mapema. Pembeni yake hubaki eneo kubwa ambalo halifanyi kazi lakini bado lina uhai, linaloshikiliwa na damu kidogo inayopita kwenye vijishipa vya kuzunguka. Mmewahi kusimama kwenye hori la Tudor, hapa Mombasa, maji yanapopwa? Mkondo mkuu ungali na maji, lakini vile vijito vya kwenye mikoko vimeshakauka, matope matupu. Ndivyo ilivyo. Presha ikishuka, mgonjwa mwingine yeyote asingejua, ila kwa huyu vijishipa hivi ndivyo vinavyokauka kwanza. Na wengi wa wagonjwa wetu wameishi na presha ya juu kwa miaka, wengine waliacha dawa zikiisha, kwa hiyo ubongo wao umezoea kusukumiwa kwa nguvu. Kipimo cha 110 ambacho kwako ni kizuri, kwa huyu ni ukame. Hesabu iliyochapishwa 2006 ilikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiwa umeziba hufa seli za neva milioni 1.9 kila dakika.

Sasa ule ubishi. Kwa miaka mingi taarifa zilizokusanywa kwenye mafaili zilionyesha kwamba waliopewa nusukaputi waliishia vibaya zaidi, na wengi wakaihukumu. Lakini nani alikuwa anapewa nusukaputi? Yule aliyekuja anatapika, hajitambui, anakoroma. Alikuwa mahututi kabla hatujamgusa. Walipokuja kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, picha ilibadilika. Heidelberg, Ujerumani, walichapisha utafiti wa SIESTA mwaka 2016 wakiwa na wagonjwa 150: hali ya neva baada ya saa 24 haikutofautiana, na baada ya miezi mitatu waliojitegemea walikuwa wengi zaidi upande wa nusukaputi. Wasweden wa AnStroke (2017) na Wadenmark wa GOLIATH (2018) nao hawakukuta kwamba nusukaputi inadhuru. Ufaransa wakaja na tafiti za vituo vingi, GASS mwaka 2022 na AMETIS mwaka 2023, na hazikupata tofauti ya kutegemewa.

Msisome hayo mkahitimisha kwamba chochote kinafaa. Angalieni walichofanya pande zote mbili: walichunga presha kwa mpango ulioandikwa, na SIESTA walilenga presha ya juu kati ya 140 na 160. Mimi nasoma hivi: njia zote mbili ni salama mikononi mwa mtu aliyejiandaa.

Kwa hiyo naamuaje? Njia ya hewa kwanza. Asiyejitambua vya kutosha kulinda koo lake, anayetapika, au ambaye kiharusi kimempiga nyuma ya ubongo na anameza kwa shida, huyo namwekea tyubu, mrija wa kupumulia, bila mjadala. Na tumbo mlichukulie limejaa. Kiharusi hakingoji mtu afunge. Wengi wanaletwa asubuhi wametoka kwenye mahamri na mbaazi.

Anayefuata ni yule anayehangaika au asiyeelewa amri. Hapa nataka mkae kidogo, maana ndipo wageni hukosea. Bi mkubwa mmoja alikuwa ametulia kabisa kitandani, macho wazi, anapumua vizuri. Kila mtu akasema huyu dawa ndogo ya kutuliza inatosha. Nikamwinamia: “Shikamoo bibi. Nifinyie jicho.” Akaniangalia kwa upole. Nikamwambia ainue mkono, akaniangalia vile vile. Ubongo wake wa kushoto, ambako lugha hukaa kwa watu wengi, ulikuwa umepigwa; maneno yetu yalikuwa yanampita. Utamwambiaje mtu huyo “usitikise kichwa” wakati waya uko ndani ya mshipa wa ubongo? Tulimpa nusukaputi, polepole, presha ikasimama. Kipimo changu hadi leo ni hicho: amri mbili nyepesi, kwa lugha ya nyumbani kwake. Mgiriama aliyezeeka muulizeni kwa Kigiriama kama kuna wa kumsaidia, msimhukumu kwa Kiswahili cha daktari.

Aliyetulia, anayefuata amri na anayelala chali bila kubanwa na pumzi, huyo namtuliza kidogo sana au simpi kitu zaidi ya ganzi. Lakini namwandaa kama vile nitamlaza. SIESTA, kati ya 77 waliotulizwa, 11 walilazimika kubadilishiwa kwenda nusukaputi katikati ya kazi. Kumwekea mtu tyubu gizani, shuka limeshatandazwa, mtaalamu wa mishipa ameshika waya, ni mahali pabaya pa kuanza kutafuta sindano.

Basi kabla mgonjwa hajavuka mlango: dawa ya kupandisha presha, fenilefrini au norepinefrini, iwe imeshavutwa na kuandikwa jina, iwe mkononi, si kwenye trei ya ukutani. Propofoli punguzeni na mpeni taratibu. Presha ya juu isishuke chini ya 140 na isipite 180 hadi mshipa ufunguke. Pima kila dakika mbili au tatu kwa kamba ya mkono; waya wa ateri, unaosoma presha ndani ya mshipa wenyewe, ni mzuri, ila ukikataa kuingia mara ya kwanza achana nao, usisimamishe kazi kwa ajili yake. Mashine isimpulizie kwa kasi: kabonidayoksidi ikishuka chini ya 35 mmHg, mishipa ya ubongo inajibana, na mmejiongezea kiharusi wenyewe.

Mgonjwa wa Likoni au Diani ameshaacha muda wake kwenye foleni ya feri. Maandalizi yenu yakichukua dakika 20 mlangoni, mnamtoza mara ya pili.

Mshipa ukifunguka, mambo yanageuka: sasa hatari ni kuvuja damu, na presha isipite 180 kwa 105. Wala msiikandamize sana. Utafiti wa Uchina wa mwaka 2022 uliojaribu kuishusha chini ya 120 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu wagonjwa hao waliishia vibaya zaidi.

Ukiweza, toa tyubu pale pale, muite kwa jina, mwambie akushike vidole kwa mikono yote miwili. Kisha unapomkabidhi wodini, taja na uandike kwenye faili presha ya chini kabisa aliyoifikia na dakika ilizokaa hapo, hata kama namba hiyo inakuuma.