Walikosa dansa kijana? Maswali yenu kuhusu Woolf Works

Haya, meseji zimejaa. Nilipowaambia muitafute Woolf Works sikutegemea watu wengi hivi wataikalia kweli, wengine wameangalia kwenye laptop, kuna kundi la Sinza wamemulika projekta ukutani wakaita na majirani, na sasa kila mtu ana lake moyoni. Kwa waliopitwa: ni balei ya Royal Ballet ya London, ilifunguliwa Mei 2015, koreografa, yaani mtunga hatua, ni Wayne McGregor, muziki wa Max Richter, na imetoka kwenye riwaya tatu za Virginia Woolf, yule mwandishi wa Uingereza aliyefariki 1941. Ina sehemu tatu na kila sehemu ina riwaya yake: kwanza Mrs Dalloway, halafu Orlando, mwisho The Waves. Nimeyafupisha maswali maana mengine yalikuwa insha.

Hivi walikosa dansa kijana? Yule mama mkuu ni mtu mzima kabisa. (Kaka wa Tabata)

Hawakukosa kaka, pale vijana wapo kibao. Walimtaka yeye. Anaitwa Alessandra Ferri, Mtaliano, na siku shoo inafunguliwa alikuwa ndo kwanza ametimiza miaka 52, siku chache tu nyuma. Sio mtu wa kuokotwa huyo. Alianzia hapohapo Royal Ballet mwanzoni mwa miaka ya 80, akahamia New York kwenye American Ballet Theatre, akaaga 2007, watu wakalia wakampa maua, mwaka 2013 akarudi stejini kama hakuna kilichotokea.

Sasa chukua riwaya yenyewe. Clarissa Dalloway tunayekutana naye asubuhi ile anaenda kununua maua, Woolf anasema wazi kabisa kwamba ndo ameingia mwaka wake wa hamsini na mbili. Yaani mhusika ana 51 na dansa ana 52, wamekaribiana hivyo! Halafu kuna Clarissa mwingine, wa usichana, kwenye kasti ya kwanza, yaani kundi la wachezaji wa ufunguzi, alicheza Beatriz Stix-Brunell, na Ferri anasimama pembeni anamtazama yule binti anarukaruka na mwenzie Sally, na pale ndo utaona kwa nini walihitaji mwili wenye miaka yake, kwa sababu ungeweka dansa wa miaka 25 umemchora makunyanzi ungekuwa na wasichana wawili tu stejini mmoja kachafuka uso. Sisi huku tunaujua huo mchezo, binti wa miaka 24 anapakwa unga kichwani anapewa fimbo eti bibi, na kamera inamsogelea kabisa.

Angalia mikono yake. Miguu hairuki sana, ila mkono ukinyanyuka unaona mtu anakumbuka kitu. Mimi ningelipa hela kuona hiyo mikono tu.

Mwanangu, Mrs Dalloway tuliisoma chuoni miaka hiyo. Septimus na Clarissa hawakutani hata mara moja. Mbona humu wanacheza pamoja? (Mwalimu mstaafu, Upanga)

Shikamoo mwalimu. Nilijua lazima litoke hili.

Ni kweli kitabuni hawakutani. Septimus ni askari aliyerudi vitani akili imevurugika, anamwona rafiki yake Evans aliyeuawa huko, na mwisho anajiua, na Clarissa anapata habari zake juujuu tu kwenye pati yake mwenyewe, daktari na mkewe wamechelewa, mke ndo anaeleza kwa nini. Basi, hapo ndo wanapogusana. Kwenye balei Septimus wa kwanza alikuwa Edward Watson, yule mwekundu wa nywele mwenye mwili unaojikunja kama hauna mfupa, na McGregor anampa dansi na Ferri.

Ila mwalimu, Woolf mwenyewe aliwahi kuandika utangulizi wa Mrs Dalloway mwaka 1928 akasema mwanzoni Septimus hakuwepo kabisa, Clarissa ndo alikuwa afe mwishoni, ajiue au afe tu, na Septimus akaja baadaye kuwa pacha wake. Kwa hiyo koreografa aliyewaweka pamoja hajavunja kitu, amewasha taa kwenye chumba ambacho mwandishi mwenyewe alishatuonyesha mlango wake. Na Ferri humohumo anakuwa Clarissa na anakuwa Woolf pia, kwa hiyo ukitazama vizuri ni mwandishi anacheza na mtu aliyemtuma akafe badala ya mwingine. Mimi ile dakika ilinitoa jasho. Wewe kama bado hujaridhika niandikie tena, nyie walimu hamridhikagi.

Sehemu ya pili ni disko au? Leza, moshi, wanaume na magauni. Mume wangu alitoka akaenda kuangalia mpira. (Mama Junior, Kigamboni)

Dada pole, mwambie arudi sehemu ya tatu.

Wengi mmelalamikia hii sehemu na kusema ukweli hata Ulaya iliwagawa watu, kuna waliosema ndo kilele cha usiku na kuna waliosema kelele tupu. Mimi niko katikati, nadhani ni ndefu kuliko inavyostahili. Lakini kumbuka inatoka kwenye Orlando, riwaya ya mtu anayezaliwa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza akiwa mwanaume, anaishi zaidi ya miaka mia tatu, katikati anaamka siku moja ni mwanamke, na anafika mpaka 1928 bado yupo. Sasa utamkasti nani mtu kama huyo? McGregor kaamua asimkasti mtu mmoja, Orlando kagawanywa kwa madansa wote, ndo maana kola za kifalme na zile sketi pana zinazunguka, mara kavaa huyu mara yule, mwanaume mwanamke sawa tu. Natalia Osipova na Steven McRae ndo walikuwa moto pale. Ukiacha kumtafuta mhusika mkuu inaangalika vizuri zaidi.

Magauni kwa wanaume, jamani, kwani hamjawahi kuona ngoma ambayo mwanaume anafunga kanga kiunoni?

Kuna Mwafrika humo au tunaangalia wazungu tu? (Kijana wa Mbagala)

Sally, yule rafiki wa usichana wa Clarissa, kwenye kasti ya kwanza ni Francesca Hayward. Kazaliwa Nairobi, mama Mkenya baba Mwingereza, kakulia Uingereza kwa babu na bibi. Mwaka uliofuata, 2016, akapandishwa kuwa Principal, ile ngazi ya juu kabisa ya kampuni. Baadaye balei ya Like Water for Chocolate ilipotoka 2022, nayo imetoka kwenye riwaya, ya Mexico, yeye ndo alikuwa nyota wa kwanza na mwenzake Marcelino Sambé.

Na sehemu ya pili yupo Eric Underwood, Mmarekani mweusi. Huyu alilalamika hadharani kwamba viatu vya "rangi ya ngozi" vinavyouzwa ni rangi ya ngozi ya mzungu, kila shoo anakaa anavipaka vipodozi vifanane na mguu wake, na kampuni ya viatu Bloch ikaja kutoa rangi yake. Ni ishu ndogo? Mguu wa dansa unatakiwa uonekane mstari mmoja kutoka paja mpaka kidole, kiatu kikiwa rangi nyingine mguu unakatika kifundoni.

Lazima nisome vitabu kwanza? (Asiye na muda, Ubungo)

Hapana. Jua tu Mrs Dalloway ni siku moja ya mwanamke anaandaa pati, Orlando nimeshaeleza hapo juu, The Waves ni marafiki sita wanasemea moyoni toka utotoni mpaka uzeeni. Inatosha kabisa. Ukipenda ukasome baadaye, na anza na Dalloway, The Waves itakutesa.

Nimeona klipu nyingine, mama mkuu sio yuleyule. Nani anaamua nani acheze? (Dada wa Kinondoni)

Balei haina kasti moja dada yangu. Koreografa anapotunga anatunga juu ya miili iliyo mbele yake chumbani, yaani hatua zenyewe zinatoka kwa yule dansa, anapokunjika vizuri ndo hapo hatua inabaki, kwa hiyo kasti ya kwanza ni kama fundi cherehani na aliyepimwa nguo. Baada ya hapo kazi inarudi misimu mingine na wengine wanaingia mumo humo. Iliporudi 2023 Ferri alikuwepo bado, karibu miaka 60, ila pia Marianela Nuñez na huyohuyo Osipova wa leza walicheza Woolf kwa zamu. Kwa hiyo ukinunua tiketi angalia tarehe na jina, usije ukalia baadaye.

Lakini swali lako la nani anaamua lina utamu mwingine. Mwaka 1965 Royal Ballet hiyohiyo ilitoa Romeo and Juliet ya Kenneth MacMillan. Aliitunga juu ya Lynn Seymour na Christopher Gable, vijana, hatua zote zimetoka kwao. Ikafika siku ya ufunguzi nafasi wakapewa Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev, kisa majina yanauza. Fonteyn alikuwa na miaka 45 anacheza Juliet, mtoto wa miaka 13! Watu walipiga makofi wakaitwa mbele ya pazia mara 43. Sasa utasema si umeona, majina yalifanya kazi. Yalifanya, na Seymour akafundisha hatua zake mwenyewe kwa watu wengine.

Ndo nasema umri wenyewe sio ishu. Fonteyn 45 na Ferri 52, wote wakubwa, ila mmoja aliwekwa kwa sababu bango linamtaka na mwingine kwa sababu kitabu kinamtaka. Hapa Dar nimekaa kwenye usaili, sitaji wa wapi, dansa kamaliza kucheza vizuri mpaka tukasimama, swali la kwanza aliloulizwa ni Instagram ana wafuasi wangapi. Akasema idadi, wakaangaliana, akaambiwa atapigiwa simu.

Naweza kuangalia na watoto? (Baba wa watatu, Mbezi Beach)

Sehemu ya tatu inaitwa Tuesday, Jumanne, kwa sababu ndivyo Woolf alivyoandika juu ya barua yake ya mwisho kwa mumewe Leonard kabla ya kwenda kujitoa uhai, Machi 1941. Inaanza na barua hiyo inasomwa na mwigizaji Gillian Anderson, sauti ya taratibu, nyuma bahari ya nyeusi na nyeupe inajikunja polepole sana kwenye skrini kubwa. Barua ni ya upendo na shukrani na ndo maana inauma zaidi. Mtoto mdogo hataelewa Kiingereza kile, ataona tu mawimbi na watoto wenzie, maana wanafunzi wa Royal Ballet School wapo stejini. Wa sekondari ataelewa kila neno, kaa naye, usimwache peke yake na simu, mkimaliza muongee. Na kama ndani ya nyumba kuna mtu ana wakati mgumu saa hizi, au mmeshafiwa kwa namna hiyo, iruke, hamna ubaya wowote kuiruka.

Sehemu ya pili waonyeshe bila wasiwasi, wanangu wa mtaani waliipenda kuliko zote, leza zile.

Muziki naupata wapi? (Wengi)

Max Richter aliutoa kama albamu Januari 2017, tafuta Three Worlds. Inaanza na sauti ya Woolf mwenyewe, kipande cha redio ya BBC cha 1937. Bibi anaongea kama anatafuna karanga taratibu.

Kitabu gani cha Kiswahili kingechezwa hivi? Na nani umkasti? (Mwanafunzi wa sanaa, Mlimani)

Marahaba kabla hujasahau salamu.

Wengi watakutajia tamthilia. Mimi naona tamthilia tayari ina jukwaa lake, itabaki maigizo ya bila maneno. Mimi ningechukua Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990. Kembamba, unamaliza jioni moja ila hutakaa uelewe, mtu anatembea kwenye mji uliokufa anaitafuta kweli, na muhimu kuliko yote ndani ya kitabu tayari kuna Ngoma Kuu. Mwandishi kakuachia dansi humo, nenda ukaichukue. Na usijaribu kuhadithia tukio baada ya tukio, utawapoteza watu dakika ya tano, chukua ule mzunguko wa ngoma na ule ukimya wa mji basi.

Kasti: msafiri mwenyewe asiwe kijana. Wapo walimu wa ngoma waliopita chuo cha sanaa Bagamoyo, kilianza 1981, sasa hivi ndo TaSUBa, watu wa miaka hamsini na kitu ambao goti linauma ila bega likitikisika ukumbi unanyamaza. Tafuta mmoja wa hao. Wazunguke vijana wa dansi ya kisasa, pale Nafasi Art Space Mikocheni utawapata wanaojua kulala chini na kuinuka bila kushika kitu. Wenye wafuasi wengi wape kazi ya kusambaza matangazo, wanaiweza.

Na kabla hujaita mtu mazoezini nenda kaulize haki za kitabu kwa wenye nazo, maana mwandishi alifariki 2020 na maongezi hayo huchukua muda kuliko kutunga hatua.