Nyumbani Mnasikiliza Nini? Majibu kwa Wasomaji

Toleo lililopita tuliwauliza wasomaji wanapiga muziki gani nyumbani, na wanaupigia chombo gani. Orodha zimekuja nyingi, na karibu kila orodha imekuja na lalamiko lake. Tumechukua barua nne.

Mhariri, kwetu Jumapili ni zilipendwa kutwa nzima, na "Sina Makosa" ya Les Wanyika haikosekani. Nimenunua sabufa mpya, lakini sasa magitaa yamepotea, nasikia mdundo tu. Flashi nayo inapiga nyimbo shaghalabaghala, na nyingine inaziruka. Na je, nikitoka kwa Les Wanyika nielekee wapi? — Msomaji, Morogoro

Ndugu yetu, hatudhani sabufa yako ni mbovu. Tunashuku mahali ilipokaa. Boksi la besi likiwekwa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huiongezea nguvu sauti nzito, na sauti hiyo ndiyo inayofunika gitaa la ridhimu na la solo. Litoe konani, liwe karibu nusu mita kutoka ukutani. Kisha zungusha kitufe cha besi hadi mwisho wa chini, piga wimbo unaoujua vizuri, na upandishe kidogo kidogo. Ukifika pale unapoweza kufuata gitaa la besi noti kwa noti, acha hapo hapo. Kwenye dansi besi inaimba, haigongi tu, na ukizidisha noti zote zinakuwa ngurumo moja.

Zile spika ndogo mbili wengi huzibandika juu ya kabati la televisheni, zikigusana. Zitenganishe mita moja na nusu hadi mbili, zifike usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, na wewe kaa katikati yake. Zima vionjo vyote vya "rock" na "3D" vilivyomo kwenye rimoti. Kama sebule ina vigae na kuta tupu, tandika zulia au mkeka na ushushe mapazia mazito, maana mwangwi wa vigae huharibu sauti za waimbaji hata chombo kikiwa cha bei mbaya.

Kuhusu flashi: sabufa nyingi husoma flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 peke yake. Flashi za GB 64 na kuendelea kwa kawaida huja na mfumo mwingine, exFAT, hivyo nunua ya GB 16 au 32. Nyimbo ziwe MP3. Mafaili ya aina ya m4a na opus ndiyo yanayorukwa. Mpangilio nao una siri yake: vyombo vingi vya bei nafuu havifuati herufi, vinafuata mfuatano uliotumia kunakili. Fomati flashi, yape mafaili namba (01, 02, 03), kisha yanakili moja baada ya jingine. Ukiyachagua yote na kuyatupa kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuyapanga itakavyo.

Sasa safari yenyewe. Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, kwa hiyo anza na Simba Wanyika wenyewe, bendi ya ndugu Wilson na George Peter waliotoka Tanga wakatamba Nairobi. Ukishawazoea, vuka mpaka urudi Dar es Salaam kwa Mlimani Park, Sikinde, iliyoanza mwaka huo huo wa 1978. Wasikilize mara mbili mfululizo: mara ya kwanza fuata maneno tu, mara ya pili usiyajali maneno, subiri chemko, pale waimbaji wanapopisha na magitaa kuanza kujibizana. Halafu Orchestra Maquis, upate ladha ya wanamuziki waliotoka Kongo wakaweka makazi Dar. Mwisho rudi nyumbani kwako. Morogoro ndiko kulikokuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz aliyoipigia Mbaraka Mwinshehe kabla ya kuunda Super Volcano. Mpige Salum kwanza, kisha Mbaraka. Utasikia jinsi rumba ya Kikuba inavyogeuka kuwa kitu kingine kabisa.

Nimeachiwa na marehemu baba sanduku la kaseti za taarabu: Juma Bhalo, Zein l'Abdin na wengineo. Redio kaseti inafanya kazi, ila sauti ni kama mwimbaji kajifunika blanketi. Nataka kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijafa. — Msomaji, Mombasa

Dada, kwanza pole kwa msiba. Usirekodi chochote bado, maana ukirekodi sauti iliyoziba utabaki nayo hivyo hivyo.

Piga kaseti tatu tofauti. Zikiziba zote, tatizo liko kwenye redio. Ikiziba moja, tatizo ni la kaseti hiyo. Mara nyingi ni redio, na kisa ni unga wa kahawia wa utepe uliogandia kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma utepe. Nunua spiriti ya isopropili duka la dawa, ya asilimia 90 au zaidi ikipatikana. Ya asilimia 70 ina maji, hivyo iache ikauke dakika kumi kabla ya kupiga. Kwa pamba ya kijiti futa hedi, kipini cha chuma kinachozunguka na gurudumu la mpira linalokibana, mpaka pamba itoke nyeupe. Manukato na mafuta ya taa marufuku.

Hedi ikiwa safi na sauti bado imefifia, tazama kando yake: kuna skrubu ndogo yenye springi. Hiyo hurekebisha mlalo wa hedi. Itie alama ya wino ilipo sasa, piga kaseti, kisha izungushe robo ya robo tu, ukisikiliza rika (tari ndogo) na mikwaruzo ya fidla. Kuna mahali zitafunguka ghafla. Acha hapo.

Kama mgonjwa ni kaseti moja, chungulia katikati ya mdomo wake. Panatakiwa pawe na kijipande cha sponji kilichokaa juu ya kibati chembamba, kinachousukuma utepe kwenye hedi. Gundi yake huchoka, kikadondoka. Fungua kaseti isiyo na thamani, ile yenye skrubu tano, toa cha kwake ukihamishe. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu. Usiipige kabla ya kuisafisha, maana itachafua hedi na kaseti zitakazofuata.

Kabla ya kurekodi, vunja vile vijino viwili vya mgongoni ili kidole kisichokuwa na adabu kisifute kitu, na ipeleke kaseti mbele hadi mwisho kisha irudishe, utepe ulegee. Chukua sauti kwenye tundu la hedifoni uipeleke kwenye kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti (line in). Tundu la maikrofoni la laptopu liache: aghlabu ni mono (mkondo mmoja wa sauti), na hukoroga sauti kwa sababu hutegemea mawimbi dhaifu. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi sauti, weka 44,100 Hz, biti 16, na vilele visizidi -6 dB. Hifadhi WAV; kaseti ya dakika 60 itakula takriban MB 635. Nakala ya MP3 ya kugawia watu itoe humo baadaye.

Shikamooni. Bibi ana santuri nzito za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika. Tunaweza kuzisafisha kwa spiriti na kuzipiga kwenye pleya ya kisasa? — Msomaji, Unguja

Marahaba. Spiriti hapana kabisa! Santuri hizo zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Lebo isilowe, na ukaushe papo hapo. Sindano ya santuri za LP, zile za plastiki zilizokuja baadaye, nayo ni nyembamba mno, takriban milimita 0.018, huzama chini ya mfereji ikaokota mikwaruzo tu. Tafuta ya 78, karibu milimita 0.076. Kama pleya haina mwendo wa 78, rekodi kwa 45 kisha uongeze mwendo kwa asilimia 73.3 kwenye Audacity. Soma lebo kwa makini: Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, na nakala kama hizo hazikai kabatini chini ya sufuria. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine.

Kundi letu la familia hutumiana nyimbo kwenye WhatsApp, lakini zinasikika kama redio iliyo mbali. — Msomaji, Muscat

Kuna mtu anashika simu mbele ya spika na kutuma ujumbe wa sauti. Mwambieni aache. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa maongezi, hubana muziki vibaya. Atume faili lenyewe kama dokumenti, nalo litafika jinsi lilivyo. MP3 ya kbps 128 ni karibu MB moja kwa dakika. Na jina la faili libebe mwimbaji, kikundi na kaseti ilikotoka, si "AUD" na tarakimu kumi.