IST namba D, kilomita 78,000: kabla hujatoa hela

Mkuu, unasema unataka kununua Toyota IST ya 2004 yenye namba D (usajili wa Tanzania ambao herufi zake zinaanza na D), dashibodi inasoma 78,000 na muuzaji anaapa injini haijaguswa. Hizo kilomita weka pembeni, zinashushwa mchana kweupe. Tazama mpira wa pedeli ya breki na usukani. Vikiwa vimelika mpaka vinang'aa, muage kwa heshima.

Nenda asubuhi, na mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, kuna kitu anaficha. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utelezi mweupe kama uji, maji yanachanganyika na oili, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi imekufa. Kisha washa usikilize. IST, iwe 1.3 au 1.5, inatumia cheni ya taimingi ndani ya injini, siyo mkanda. Kwa hiyo akijisifu kwamba mkanda kabadilisha juzi, hajui hata anachouza! Mlio wa kokoto usioisha ni cheni imechoka, kawaida kwa uvivu wa kumwaga oili. Chomoa na stiki ya gia boksi: oili nyeusi inayonuka kuungua, hapana.

Fundi awe wako, siyo wake. Namba ya chasisi ilingane na kadi, na angalia deni la faini za trafiki kabla halijawa lako.

Wenye Subaru watakuja kukushawishi uongeze hela. Waache na foleni yao ya sheli. Rimu na muziki tutaongea ukishainunua.