Kurasa tupu za Doxygen
Ndugu, unasema umeandika maelezo juu ya kila funksheni ya programu yako ya C, lakini Doxygen, zana inayotengeneza nyaraka kutokana na maelezo yaliyo ndani ya msimbo, inakutolea kurasa zisizo na kitu. Kagua kwanza alama inayofungua maelezo hayo, kwa kuwa yanayoanza kwa /* yenye nyota moja huachwa kama maelezo ya kawaida, ilhali yanayoanza kwa /** yenye nyota mbili husomwa. Ikiwa alama ni sahihi, weka amri ya @file katika maelezo ya mwanzo wa faili, maana bila hiyo funksheni za C hazitaingia kwenye nyaraka. Usikimbilie kuwasha EXTRACT_ALL, mpangilio wa Doxygen unaoingiza kila kitu hata kisicho na maelezo: itajaza kurasa majina matupu na, baya zaidi kwa maoni yangu, itazima maonyo kuhusu funksheni zisizo na maelezo.