Laki tisa, gemu na umeme unaokatika: maswali yenu ya kompyuta

Tangu shule zifungwe, maswali yanayonifikia mezani hapa Kaloleni ni ya jambo moja: kompyuta ya kuchezea gemu kwa fedha kidogo. Nimechagua saba. Mengine yanajibiwa kwa mistari miwili tu, na moja litachukua nafasi kubwa kwa sababu limenigharimu mimi mwenyewe.

Shikamoo fundi. Nimedunduliza laki tisa. Nataka kucheza GTA V, EA Sports FC na Counter-Strike 2. Nichukue kompyuta ya ofisi ya mtumba au niunge mpya? – Mwanachuo, Sakina

Marahaba mdogo wangu. Chukua boksi la ofisi la mtumba, kisha uliongezee kadi ya grafiki. Ukisema uunge kwa vipuri vipya vitupu, fedha itakwisha kabla hujafika kwenye kadi, na gemu hutegemea kadi kuliko kipuri kingine chochote.

Ila maboksi hayo hayalingani. Muuzaji atakwambia "hii ni Core i5", kisha atanyamaza. Hilo ni jina la familia ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Mdai namba yote. i5-4570 ni kizazi cha nne, ya mwaka 2013, ina viini (vitengo vya kufanyia kazi) vinne. i5-8500 ni kizazi cha nane, ya 2018, ina viini sita. Kwa namba hizi za tarakimu nne, ile ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Kwa gemu simshauri mtu ashuke chini ya kizazi cha nane. Muda wa msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, inaanzia rasmi kizazi hicho cha nane. Tena kuna gemu za mtandaoni, Valorant mojawapo, ambazo zikiikuta Windows 11 isiyowashwa TPM 2.0 na Secure Boot (vilinzi vya usalama vya kompyuta) zinakataa kufunguka.

Chukua boksi kubwa la kusimama, siyo lile jembamba. Jembamba linapokea kadi za kimo cha nusu tu, na hizo ni adimu. Kisha omba lifunguliwe kabla hujalipa. Ndani utakuta pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme) ndogo, mara nyingi ya wati 200 hadi 260, isiyo na waya wa kulisha kadi. Kwenye Dell na HP nyingi plagi zake si za kawaida, kwa hiyo huwezi kuing'oa leo na kuweka nyingine yoyote kesho. Maana yake kadi yako itakula umeme kupitia madabodi (ubao mkuu) peke yake, na tundu la kadi kwenye ubao huo linatoa wati 75 basi. Tafuta kadi ya GTX 1650 ya GB 4, au ikishindikana GTX 1050 Ti. Itazame kadi ukingoni: zipo GTX 1650 zenye tundu la pini sita juu. Hiyo iache, boksi lako haliwezi kuilisha.

Mgao wangu ungekuwa hivi: karibu nusu ya fedha kwenye boksi, theluthi kwenye kadi, kinachobaki kwenye SSD (diski ya kuhifadhia) na RAM (memori ya kazi). EA Sports FC peke yake inadai nafasi ya GB 100, kwa hiyo SSD ya GB 256 itajaa mwezi wa kwanza. Pambana ufikie 512.

Mwanangu yuko kidato cha pili, anataka kompyuta ya gemu. LUKU nalipa mimi. Si itanimaliza? – Mama, Usa River

Mama, tupige hesabu pamoja. Boksi kama hilo la kijana wa Sakina, likichezeshwa gemu na skrini yake ikiwaka, linakula wati zisizozidi 200 hivi. Saa mbili kwa siku ni uniti 0.4. Kwa mwezi ni uniti 12. Pasi yako ya wati 1,000 ikikaa kwenye moto dakika 24 imekula kiasi hichohicho cha siku nzima cha mtoto.

Jambo la kuangalia ni daraja lako. Kama mko D1, lile la nyumba zinazotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, tazama kwanza mnatumia ngapi sasa. Mkiwa 50, kompyuta inaingia bila shida. Mkiwa 70, itawavusha, na uniti za juu ya 75 bei yake ni nyingine kabisa. Hapo kubaliana naye saa za kucheza mapema, kabla ya kununua. Na akikuletea orodha yenye kadi kubwa za kufikisha wati 400, zidisha hesabu hii mara mbili.

Nimeona keisi mpya yenye taa, inakuja na pawa saplai ya wati 500 humohumo. Pawa saplai ya jina ikiuzwa peke yake inakaribia bei ya keisi hiyo nzima. Kwa nini nilipe mara mbili? – Kijana wa Kijenge

Kaka, naomba unisikilize kwa makini hapa.

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilinunua pawa saplai ya namna hiyo. Kadi niliyoiunganisha nayo nilikuwa nimeilipia kidogokidogo kwa miezi minne. Ilikuwa masika, jioni. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Mara ya tatu nikasikia mlio kama punje ya mahindi ikipasuka kwenye kikaango, ikafuata harufu ambayo mpaka leo nikiisikia moyo unashtuka. Pawa saplai ilikufa, ikaondoka na madabodi, ikaondoka na kadi. SSD ndiyo iliyopona. Nilikaa karibu mwaka bila mashine yangu mwenyewe, nikitengeneza za watu.

Nilipoifungua nikasoma kibandiko ambacho ningekisoma dukani. Ubavuni iliandikwa wati 500 kwa maandishi makubwa. Kwenye jedwali dogo, safu ya +12V ilisema ampea 18. Zidisha 12 kwa 18: wati 216. Prosesa na kadi hula karibu umeme wao wote kwenye safu hiyo ya +12V, kwa hiyo mimi nilikuwa na pawa saplai ya wati mia mbili na kitu iliyovaa jina la mia tano. Ya kweli ya wati 550 inaonyesha ampea 45 hivi kwenye +12V. Fanya hesabu hiyo ukiwa umesimama dukani. Muuzaji akiona unageuza kitu na kusoma jedwali, mara nyingi atakuletea kingine kutoka nyuma. Ipime na mkononi pia: nyepesi kama boksi tupu, rudisha.

Kama pawa saplai ni ya mtumba kutoka nje, itazame nyuma. Nyingine zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikiachwa kwenye 115 ukaichomeka, itapasuka papo hapo.

Baada ya hapo, ulinzi. UPS (betri ya akiba) iliyoandikwa 650VA haitoi wati 650, hutoa kama 360 hadi 390. Kwa mashine ya bajeti inatosha kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Chagua yenye AVR ndani, ile inayonyanyua na kushusha volti bila kugusa betri kila mara. Fedha ya UPS isipopatikana, weka walau friji gadi. Kazi yake ni ileile inayowafanyia friji: volti ikishuka au ikipanda sana inakata, na umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Kompyuta itazimika ghafla, ndiyo, lakini haitapigwa na lile pigo la umeme unaporudi. Na plagi iwe ya pini tatu kwenye soketi yenye waya wa ardhi. Nyumba nyingi za kupanga nilizoingia tundu la tatu lipo, waya nyuma yake haupo. Mwite fundi umeme alitazame.

Kwa hiyo nunua keisi rahisi isiyo na taa, na tofauti iweke kwenye pawa saplai. Ukibadilisha kadi na prosesa miaka ijayo, hiyo itabaki.

Kuna kadi ya grafiki RX 580 ya GB 8 inauzwa kwenye kundi la WhatsApp bei ya kutupa. Nichukue? – Pasua, Moshi

Inaweza kuwa bahati, inaweza kuwa hasara. Nyingi za kadi hizi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha njia ya kuchimba kwa kadi, na kadi nyingi zikamwagwa kwenye masoko ya mitumba. Kuchimba peke yake hakuui chipu. Vinavyochoka ni feni, pasta ya joto na padi za memori, na hivyo fundi anaweza kubadilisha.

Usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi, ni ya bure, nayo husoma taarifa za kadi. RX 580 kamili ina shedi (vitengo vidogo vya kuchora picha) 2304. Ukikuta 2048, hiyo ni toleo la 2048SP, nguvu yake iko karibu na RX 570. Si kadi mbaya, ila bei ishuke. Kuna pia kadi za zamani zilizoandikwa upya BIOS (programu ya msingi ya kifaa) zijiite GTX 1050 Ti au 1060. GPU-Z ikizigundua, huweka neno FAKE mbele ya jina. Kisha ichezeshe gemu zito dakika 20. Vidoti vya rangi au mistari ikianza kutokea kwenye picha, memori inakufa. Mrudishie mtu kadi yake, mshukuru, uondoke.

Na kumbuka RX 580 inakula wati 185. Boksi la ofisi haliiwezi. Kama pawa saplai yako ni ile ya kuja na keisi, rudi juu ukasome jibu la Kijenge.

RAM moja ya GB 16 au mbili za GB 8? – Ngarenaro

Mbili za GB 8. Zikikaa kwenye matundu sahihi zinasoma kwa njia mbili kwa pamoja, na kama huna kadi ya grafiki tofauti hiyo utaiona kwa macho. Bei ya RAM ilipanda sana mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vilielekeza chipu nyingi kwenye vituo vya data vya akili unde. Kwa sasa RAM ya aina ya DDR4 ya mtumba iliyopimwa ni ununuzi wa maana kabisa.

Nataka kuunga mpya, ila ninanunua kila mwisho wa mwezi kidogokidogo. Nianze na nini? – Dada wa Njiro

Dada, huu ndio mpango ninaoupenda kuliko yote. Anza na Ryzen 5 5600G. Ni prosesa ya 2021, ina viini sita na grafiki yake ndani, kwa hiyo mashine itawaka na kucheza Counter-Strike 2 au FC kwa mipangilio ya chini kabla hujanunua kadi. Ukiweka i5-12400F badala yake, herufi F mwishoni inamaanisha haina grafiki: bila kadi, skrini itabaki nyeusi.

Madabodi chukua ya aina ya B550, au B450 baada ya kuuliza kama BIOS yake imesasishwa, maana B450 za zamani haziitambui 5600G mpaka isasishwe. Pawa saplai nunua ya wati 550 ya kweli mwezi uleule wa kwanza, hata kama kwa sasa inaonekana kubwa mno. Mwakani ukipata RX 6600 ya GB 8, inayokula wati 132, utaichomeka tu na kuendelea. RX 6500 XT usiiguse kwenye mashine hii, hata ikiwa rahisi. Inawasiliana na madabodi kwa njia nne tu, na 5600G inatumia PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo la njia hizo, kwa hiyo kadi itabanwa.

Kuhusu joto, kwa kuwa mwenzako wa Majengo, Moshi, ameniuliza pia: nyie wa Arusha mko juu ya Moshi kwa zaidi ya mita 400, na mwezi wa saba mnavaa makoti. Yeye yuko kwenye joto, aongeze feni moja mbele na moja nyuma. Vumbi ni letu sote. Mashine isikae sakafuni, na kila baada ya miezi mitatu ipulizwe na bloa nje ya nyumba, huku feni zimeshikwa kwa kidole zisizunguke.

Ninunue Arusha, niagize Kariakoo, au nivuke Namanga mpaka Nairobi? – Sanawari

Jiulize kipuri kikifa wiki ya pili nani atakipokea. Pawa saplai, SSD na UPS nunua Arusha, dukani, kwa risiti, mbele ya mtu utakayemkuta kesho. Kariakoo uchaguzi ni mpana, na basi la usiku linaleta mzigo, lakini mwambie muuzaji akupigie video kipuri kikiwa kinawaka kabla ya kukifunga. Namanga ni kilomita 110 hivi, siyo mbali. Ila kumbuka nauli, VAT ya 18% mpakani, na kwamba kurudisha kitu kibovu ni safari nyingine. Tangaza mzigo wako forodhani. Kipuri kikikamatwa umepoteza vyote.

Prosesa ya mtumba unaweza kuitoa popote kati ya hapo, kwani ndiyo inayokufa kwa nadra kuliko zote. Kama ni ya AM4 (soketi ya prosesa za AMD kama Ryzen 5 5600G), pini ziko chini ya prosesa yenyewe: igeuze, itazame upande kwa upande kwenye mwanga, safu zote ziwe zimenyooka. Kama ni Intel ya kizazi cha 12, pini ziko kwenye madabodi, kwa hiyo ukinunua madabodi ya mtumba ndiyo utakayoimulika. Kisha iweke kwenye kiboksi chake cha plastiki, ukishike mkononi mpaka Arusha. Usiitie mfukoni.