Maswali ya Wenye Magari: Sensa ya Joto Inaposingiziwa

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinahusu kifaa kimoja kisichozidi urefu wa kidole, ambacho mafundi wengi hukihukumu kabla ya kukisikiliza.

SWALI: Nina Toyota Vitz ya mwaka 2003 niliyoinunua kwa mtu hapa Dodoma. Asubuhi taa ya buluu ya joto huchukua karibu nusu saa kuzimika, feni ya rejeta huzunguka tangu ninapowasha gari hata kama sijawasha kiyoyozi, na petroli hukwisha upesi kuliko katika Vitz ya dada yangu, ambayo injini yake ni kama hii yangu. Taa ya injini haiwaki. Fundi anasema sensa ya joto imekufa na anataka nimpe fedha akanunue nyingine. Je, nikubali? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Usikubali bado, ndugu msomaji, kwa sababu maelezo yako mwenyewe yanaitetea sensa hiyo.

Sensa ya joto la injini ni kipande cha shaba nyeupe au njano kilichochomekwa mahali maji ya rejeta yanapopita, na ndani yake mna chembe ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Katika magari mengi ya Toyota ukinzani huo ni kati ya omu 2,000 na 3,000 maji yakiwa na nyuzi 20, kisha hushuka hadi omu 300 hivi yanapofika nyuzi 80. Kompyuta ya gari hupeleka umeme wa volti 5 kwenye waya wa sensa hiyo, hupima volti zinazobaki, na kutokana na hesabu hiyo huamua injini inyunyiziwe petroli kiasi gani, cheche zipigwe wakati gani na feni iitwe lini. Injini ikiwa baridi hupewa petroli nyingi, kwani sehemu yake haigeuki kuwa mvuke bali hubaki imenata kwenye kuta za njia ya hewa.

Sasa tazama dalili zako mbili zinavyopingana. Taa ya buluu inamaanisha kwamba kompyuta inaamini injini ni baridi, na kompyuta inayoamini hivyo haina sababu ya kuita feni wakati kiyoyozi kimezimwa. Ni kweli kwamba waya wa sensa ukikatika kompyuta nyingi huwasha feni moja kwa moja kwa tahadhari, lakini hapo zingewasha na taa ya injini pia, nawe umesema haiwaki (hakikisha tu kwamba huwaka unapofungua swichi kabla ya kupiga stata, kwa maana wapo wauzaji wanaoitoa balbu). Ninachokishuku ni kwamba aliyekutangulia kulimiliki gari hili aliwahi kupatwa na tatizo la kuchemsha, akalipeleka kwa mtu aliyeunga feni dairekti (izunguke muda wote bila kuamriwa na kompyuta) na kuitoa thamostati.

Desturi hii ya kutoa thamostati imeenea mno katika gereji zetu, na hoja yake ni kwamba kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Hoja hiyo si sahihi. Thamostati hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta mpaka maji yafike joto la kazi, ambalo katika injini nyingi za Toyota ni karibu nyuzi 82, na joto hilo ni lilelile linalotakiwa Dodoma na Tokyo. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na feni isiyopumzika huyapoza zaidi. Sensa huripoti ubaridi huo kwa uaminifu, na kompyuta huendelea kumwaga petroli ya injini baridi safari nzima. Mbali na gharama, petroli isiyoungua huchafua plagi, huosha oili kwenye kuta za silinda, na huteremka kuizimua oili iliyo chini mpaka ikawa nyepesi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba baadhi ya injini zina thamostati yenye vali mbili, na vali ya pili ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari ulilotaka lisichemshe linachemsha mlimani.

Kipimo cha kuondoa shaka ni rahisi. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, mwombe fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta afungue swichi bila kupiga stata, asome joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana, zikitofautiana kwa nyuzi chache tu. Zikikaribiana, piga stata na uangalie joto la maji likipanda polepole bila kurukaruka. Likipanda hivyo lakini likagoma kuvuka nyuzi 60 au 70 barabarani, sensa ni nzima na thamostati haipo au imekwama wazi. Mashine ikionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, waya umekatika au soketi imechomoka. Ikionyesha joto la ajabu kupita nyuzi 130 ilhali injini haijawashwa, waya zimegusana.

Rudisha thamostati, rudisha nyaya za feni zilivyokuwa kiwandani, kisha ndipo uizungumzie sensa.

SWALI: Shikamoo fundi. Nilikuwa napanda mlima Kitonga na Noah yangu ikiwa imejaa abiria na mizigo. Mshale wa joto ulipanda hadi karibu na alama nyekundu, kisha ghafla ukaanguka mpaka chini kabisa kwenye alama ya baridi. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea. Baada ya kilomita chache injini ikakosa nguvu ikazima, na sasa silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) imepinda. Fundi wangu anasema sensa ndiyo iliyonidanganya. *Dereva, Iringa*

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa hasara hiyo. Sensa haikukudanganya, ilikuambia habari za mahali ilipo, na mahali hapo palikuwa pamekauka. Ncha yake imetengenezwa ili izamishwe ndani ya maji. Mpira unapopasuka au maji yanapochemka na kumwagika nje, ncha hubaki katika hewa au mvuke, ambao hauchukui joto la chuma kama maji yanavyolichukua, na mshale hushuka wakati uleule ambao injini inaungua. Kwa hiyo mshale ulioanguka ghafla kutoka juu unatisha kuliko ule uliobaki juu.

Kuna jambo lingine la kulitambua kuhusu mshale huo. Katika magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea, kompyuta huulazimisha usimame katikati ingawa joto halisi linapanda na kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi, ili dereva asitiwe wasiwasi bure. Matokeo yake ni kwamba siku unapouona ukitoka katikati, mambo yameshaharibika. Kwa dereva wa milimani ningeshauri kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta chini ya usukani, kinachoonyesha namba yenyewe ya joto. Bei yake hailingani kabisa na ya kunyoosha silinda hedi.

Mshale ukipanda tena, zima kiyoyozi, simama pembeni mahali salama, na uzime injini. Usifungue mfuniko wa rejeta kabla mpira wa juu haujapoa kiasi cha kushikika, kwa kuwa maji yaliyo chini ya mgandamizo hubaki majimaji hata yakipita nyuzi 110, na ukiufungua hulipuka kuwa mvuke usoni mwako. Wala usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, kwa sababu chuma huweza kupasuka. Mfuniko wenyewe ukaguliwe: spring yake ikilegea, maji huchemka mapema, na kwenye miinuko ya Nyanda za Juu Kusini huchemka mapema zaidi kuliko pwani. Baada ya hedi kurudishwa, hakikisha hewa yote imetolewa kwenye mfumo wa maji, la sivyo povu litakaa palepale kwenye sensa na utaandika barua hii mara ya pili.

SWALI: Je, sensa ya joto husafishwa, na inapaswa kubadilishwa kila baada ya muda gani? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Haina muda maalumu, nyingi huishi na gari mpaka mwisho. Kinachoiua ni maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huacha gamba juu ya ncha yake likaifanya ichelewe kuhisi joto, pamoja na kutu ya kijani kwenye pini za soketi, jambo la kawaida kwa magari ya pwani na yale yanayooshwa injini kwa maji ya kasi. Tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, na usafishe pini kwa dawa ya kupuliza ya umeme.

Ukitaka kuipima, ifungue injini ikiwa baridi, itumbukize ncha tu katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, unganisha multimita (kipimo cha umeme) kwenye pini, na upashe maji moto polepole. Ukinzani ushuke mfululizo bila kukatika. Ukiirudisha weka washa mpya (pete ya kuzuia kuvuja), uikaze kwa kiasi tu, kwani nyuzi za kuskrubia kwenye alumini hazivumilii mkono mzito. Na kama gari lako ni la miaka ya 1990, muulize fundi anafungua ipi: katika mengi yake sensa ya kompyuta yenye waya mbili, ya mshale yenye waya mmoja, na swichi ya feni ni vifaa vitatu tofauti, na kubadilisha kimoja hakuponyi kingine.